Namna ya Kungoja Mvua Ukambani Bila Kumkosea Susu Wala Setilaiti

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye shamba Kibwezi, Wote, Mutomo au Mwingi, mwenye simu mfukoni na nyanya jikoni, ambaye watu wa huko humwita susu. Mwezi ni Septemba na ardhi imepasuka. Simu imeleta utabiri wa msimu kutoka Idara ya Hali ya Hewa. Susu naye ameutazama mgunga ulio nyuma ya zizi, akasema mvua i njiani. Kila mjuaji kijijini atakutaka uchague upande: ukishika simu utaitwa msomi aliyepotea, ukimshika susu utaitwa mtu wa kale. Usichague. Fuata maagizo haya, nawe utaishi na wote wawili katika boma moja mpaka mavuno, bila kununiwa na yeyote.

Kwanza ujue unangoja mvua gani. Ukisikiliza redio ya taifa utadhani mvua yenyewe ni ile ya Machi hadi Mei, kwa sababu ndiyo inayolisha maghala ya Bonde la Ufa. Ukambani mambo ni mengine. Mvua ya Oktoba hadi Desemba, ambayo wakulima wanaiita nthwa, ndiyo ya kutegemewa. Ile ya Machi, yaani uua, mara nyingi huaga kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Kwa hiyo mtu akikuletea ushauri wa kilimo ulioandikwa kwa ajili ya Kitale, mshukuru, mpe chai, kisha uendelee na kazi yako. Sayansi iliyopimwa mahali pengine ikiletwa hapa bila kupimwa tena inakuwa hirizi: unaivaa kwa imani tu. Wataalamu wa Katumani, pale Machakos, walilijua hilo tangu miaka ya 1960, ndiyo maana walizalisha mahindi ya muda mfupi yanayowahi kukomaa kabla nthwa haijakatika.

Ukishajua hilo, nunua daftari ukae karibu na susu.

Dalili anazozitaja si porojo. Mgunga na mbuyu huweza kuchipua majani kabla tone la kwanza halijaanguka, na watafiti wanaotazama misitu mikavu ya Afrika kwa setilaiti wameuona ukijani huo ukitangulia mvua katika sehemu kubwa ya bara. Mbuyu hutumia maji uliyoyaweka kwenye shina kutoa majani mapya. Ndege nao ni vivyo hivyo. Ng'ambo ya mpaka wa Makueni, pale Ngulia katika Tsavo Magharibi, watafiti wamekuwa wakiwakamata ndege wahamiaji na kuwavalisha pete miguuni tangu 1969. Ndege hao hutoka Ulaya na Asia. Usiku wa ukungu usio na mwezi, katika Novemba na Desemba, hushuka kwa maelfu wakivutwa na taa za hoteli, nao husafiri pamoja na ukanda wa mvua unaoteremka kuelekea kusini. Susu anaposema kwamba ndege fulani hawaji mikono mitupu, anasema jambo ambalo watu wenye pete na mizani wamelikuta pia. Mwaka 2010 Chinwe Ifejika Speranza na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wakulima wa iliyokuwa wilaya ya Makueni, na humo miti, ndege na pepo zimo katika orodha ya vitu ambavyo wakulima huvitazama wanapopanga msimu.

Sasa uliza swali la pili, na uliulize kwa adabu: susu, dalili hii inatuambia nini hasa? Mti unaochipua kwa sababu joto na unyevu wa hewa vimebadilika unasema wakati umekaribia. Hausemi ni kiasi gani kitanyesha. Mwaka wa ukame pia mgunga unaweza kuvaa kijani, ukakudanganya usiposikia vizuri ulichoambiwa. Wazee makini wanalijua hili kuliko sisi, na ukikaa nao bila haraka watakutajia wenyewe miaka ambayo miti ilichipua na ndege wakaja, lakini ghala likabaki tupu. Yaandike hayo pia. Dalili isiyoandikwa siku iliyoshindwa haiwezi kusaidia siku itakayofaulu.

Katika daftari hilo weka tarehe mgunga ulipochipua, tarehe upepo ulipogeuka, ndege walipoonekana na mvua ilipoanza. Tafuta mkebe wenye pande zilizonyooka, uusimamishe mahali pa wazi mbali na mti na paa, kisha kila asubuhi upime kina cha maji kwa rula ya shule. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba, kwa hiyo paa la mabati lenye mita mraba 50 hukupa karibu lita 50 kwa kila milimita. Hesabu hiyo humfurahisha susu kuliko kitu kingine chochote kilichowahi kutoka kwenye simu yako, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba maji mgongoni miaka yote hiyo.

Kuusoma utabiri wa Idara nako kunahitaji malezi. Utabiri wa msimu hugawa uwezekano katika mafungu matatu: mvua juu ya wastani, karibu na wastani, na chini ya wastani. Ikisemwa kwamba nafasi ya mvua kuzidi wastani ni asilimia 50, sikia kile ambacho hakikutamkwa kwa sauti: asilimia 50 nyingine imo katika mafungu mawili yaliyobaki, na mojawapo ni ukame. Anayesikia asilimia 50 akafunika shamba lote kwa mahindi anafanya uganga wa tarakimu, hata kama ana shahada. Ndiye ninayemhofia zaidi katika mwongozo huu wote, maana susu amezoea kukosolewa na mvua, ila kijana mwenye nambari mkononi hudhani nambari haikosolewi. Nusu ya shamba tia ndengu na kunde, mbaazi pembezoni, mahindi ya Katumani mahali penye kina cha udongo. Kama ni desturi ya kwenu kupanda katika vumbi kabla mvua haijaanza, basi dalili za susu na tarehe ya kuanza iliyotajwa na Idara zikipatana, panda. Zisipopatana, panda kipande na ubakize mbegu. Mvua ya uongo ya wiki moja, inayoamsha mbegu kisha ikaziacha zikauke, imeua mazao mengi.

Utabiri huo hutegemea nini? Kwa nthwa, sehemu kubwa ya jibu iko baharini. Upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko upande wa Sumatra, unyevu husukumwa kuja Afrika Mashariki na mvua ya Oktoba hadi Desemba huwa kubwa. Mambo yakigeuka, tunakauka. Wanasayansi waliipa hali hiyo jina mwaka 1999, na miongoni mwa miaka waliyoitaja ni 1961.

Hapa mwambie susu akuhesabie njaa. Ukambani miaka mibaya ina majina. Ngomanisye ilikuwa ile ya mwisho wa karne ya 19, iliyokumba kila mahali. Nikwa Ngwete ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakashikwa na njaa wakiwa na fedha mkononi kwa sababu hapakuwa na cha kununua. Kati ya hizo mbili iko Yua ya Ndeke, njaa ya eropleni: ni mwaka 1961, ukame uliofuatwa na mafuriko, barabara zikakatika na chakula kikadondoshwa kutoka angani. Mwaka ule ule. Mkulima wa Kitui aliuhifadhi kwa jina miaka 38 kabla ya mtaalamu kuuhifadhi kwa joto la bahari. Majina haya ni ushairi wa hali ya juu, maana kila moja limebana mkasa mzima katika neno moja au mawili, tena yanafanya kazi ya kumbukumbu za hali ya hewa katika nchi ambayo vituo vya kupimia mvua vilikuwa vichache. Mtu atakayekaa na wazee akaweka kila jina karibu na mwaka wake, kisha akalinganisha na joto la bahari, atakuwa amefanya sayansi bila kuvua hata neno moja la ushairi.

John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, angependezwa na kazi hiyo. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alidai kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati ni matukio: kilichotukia kipo, na kisichoanza kutukia bado hakijawa wakati. Aliona kwamba siku zijazo katika fikra hiyo ni fupi sana, haziendi mbali zaidi ya miaka 2. Wanafalsafa wenzake walimpinga, nami nadhani walikuwa na haki katika sehemu hiyo, kwa kuwa mtu anayepanda miembe Makueni huwa ameingia mkataba na miaka asiyoijua. Kuhusu zamani, hata hivyo, alikuwa sahihi. Njaa zenye majina zimekaa katika wakati kwa uzito ambao tarakimu peke yake haina, na padri yule wa Kianglikana, aliyesomea Cambridge na aliyekusanya ngano za Wakamba, hakuona aibu kuziheshimu.

Agizo linalofuata ni kwa afisa anayekuja na gari: kabla hujashangaa kwamba watu hawakuamini, jua historia ya kutokuaminiwa kwako. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua, kwa hoja za kitaalamu, kwamba ng'ombe wa Ukambani wamezidi na wanaharibu udongo, ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa bei ya kutupa. Maelfu ya watu wakaenda Nairobi kwa miguu, Muindi Mbingu akiwaongoza, wakakaa huko kwa wiki kadhaa, na baadaye serikali ikarudi nyuma. Mbingu alihamishiwa Lamu. Wakati huohuo wataalamu wa udongo walikuwa wakiandika kwamba Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, inageuka jangwa.

Haikugeuka. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu mwaka 1994 kuonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu katika wilaya hiyo iliongezeka zaidi ya mara 5, na mmomonyoko ukapungua. Utabiri wa wataalamu ulishindwa kwa sababu haukuwahesabu watu wenyewe na majembe yao. Matuta ya lazima yaliyoletwa na wakoloni yalichukiwa. Yaliyoenea ni yale ambayo wakulima waliyachagua: unachimba mtaro kufuata usawa wa mteremko, unatupa udongo juu ya mtaro, na miaka ikipita shamba hujitengenezea ngazi. Duniani kote, katika vitabu vya hifadhi ya udongo, njia hiyo inaitwa fanya juu, kwa Kiswahili hicho hicho.

Nenda ukaone matuta hayo yanavyochimbwa, kama bado unafikiri kwamba nyimbo ni za kujiburudisha na vipimo ni vya kazi. Kikundi cha mwethya, yaani cha kazi za pamoja, wengi wao wanawake, hukutana shambani kwa mmoja wao. Mmoja anashika kamba yenye pimamaji katikati, wawili wanashika miti kwenye ncha, na usawa wa mteremko unatafutwa hatua kwa hatua, maana ukikosea kidogo maji yatakusanyika pahali pamoja na kuvunja tuta. Hiyo ni hesabu kamili. Kisha majembe yanaanza, na wimbo unaanza nayo. Mwimbishaji anataja mtu mvivu, mume asiyetuma pesa kutoka Mombasa, mbunge aliyeahidi maji. Wenzake wanaitikia, na majembe yanashuka kwa pamoja. Bila pimamaji tuta litavunjika mvua ya kwanza. Bila wimbo kikundi kitavunjika siku ya pili. Ni mikono ile ile inayofanya vyote viwili, na sijawahi kumsikia mwanamke wa mwethya akiuliza kama vinapatana.

Mabwawa ya mchanga ya Kitui yamejengwa na mikono hiyo pia, mengi kwa msaada wa shirika la SASOL lililoanza kazi katika miaka ya 1990. Ukuta wa zege unajengwa kukingama mto wa msimu, mvua inaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na robo yake au zaidi ni maji yaliyojificha mahali ambapo jua haliyafikii. Mgeni hupita juu yake akiona mto mkavu. Mwenyeji huchimba kwa mkono. Ukitaka kumfundisha mtoto kwamba kisichoonekana kinaweza kuwepo na pia kupimwa, mpeleke pale kwanza, uende naye kanisani baadaye.

Tumefika kwenye ithembo, mahali ambapo wenye haraka hukosea. Ni kichaka kitakatifu chenye miti mikubwa, hasa ya jamii ya mkuyu, ambako wazee hupeleka mbuzi, chakula na pombe mvua inapokawia, na ngoma za kilumi hupigwa na akina mama wazee. Watu wa kanisa wamekuwa na neno na kichaka hicho tangu Peter Cameron Scott alipofungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission huko Nzaui mwaka 1895. Watu wa maabara wana neno lao pia. Wewe fanya hivi: ukialikwa, nenda, usipoalikwa, usikate mti. Mahali pengi, palipobaki miti ya kienyeji ni pale palipokatazwa shoka. Na usiende na mkebe wako wa kupimia kuwashtaki wazee. Tambiko hufanya kazi ambayo mkebe haukusudiwi kuipima. Huwakutanisha watu wakati ule ambao hofu ingewafanya wafungiane milango, na huwapa namna ya kusema mbele ya wenzao kwamba tunategemea kitu tusichokimiliki. Najua wazee wengine watasema tambiko huleta mvua yenyewe, wazi kabisa, bila mafumbo. Sibishani nao. Nambishia mkulima anayetaka kuuza mbegu za akiba kwa kutegemea tambiko, kama ninavyombishia anayetaka kuziuza kwa kutegemea asilimia.

Kwa sababu hiyo usihesabu magoli. Misimu 5 mfululizo ilishindwa kuanzia Oktoba 2020. Tarehe 14 Februari 2023 Kenya ikafanya siku ya taifa ya maombi, na ibada ikaongozwa katika Uwanja wa Nyayo. Mwezi huohuo ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha jumuiya ya IGAD, kikatoa utabiri kwamba Machi hadi Mei ingekuwa kavu kuliko kawaida katika sehemu kubwa ya kanda. Machi mvua ikanyesha vizuri, kwingine hadi mafuriko. Wako waliosema maombi yamewaaibisha wataalamu. Anayetaka kuihesabu Machi ile upande wa maombi sharti aihesabu pia misimu 5 ya kabla yake, ambayo watu waliomba usiku na mchana. Anayetaka kuutupa utabiri kwa sababu ya msimu mmoja hajaelewa kwamba ulikuwa utabiri wa uwezekano. Wote wawili wanaifanyia mvua jambo moja, kuilazimisha itoe ushahidi wa upande wao. Waliokuwa wameomba, wakabakiza mbegu, na wakatengeneza mitaro mapema, ndio waliovuna.

Kwenye mambo mawili usiwe mpole. Mtu yeyote anayedai malipo ili alete mvua, au anayebandika tangazo kwenye nguzo ya stima akijiita mganga kutoka Kitui, mfungie mlango. Na siku itakapofika mtu akasema ukame umeletwa na mjane fulani au na mzee fulani mwenye macho mekundu, simama palepale ukatae, mbele ya watu, kwa sauti. Hapo hapana ushairi wa kulindwa.

Mwisho, itisha mkutano. Katika kaunti nyingi za Kenya imewahi kufanyika mikutano ambamo wataalamu wa hali ya hewa, maafisa wa kilimo na wazee wa dalili walikaa pamoja baada ya utabiri wa msimu kutolewa, wakapanga pamoja cha kupanda. Kwa Wanyore, ukoo wa Nganyi wa Vihiga umefanya kazi bega kwa bega na watabiri wa serikali. Mkutano wenu ufanyike mapema, kabla watu hawajaanza kununua mbegu. Uwe wa Kikamba, kwa kuwa asilimia zikitafsiriwa haraka haraka na mtu anayetaka kuondoka hugeuka ahadi. Wazee waanze kusema, maana afisa akianza wao watanyamaza kwa heshima na hamtajua walichokiona. Afisa aeleze mafungu matatu kwa mawe: mawe 10 mezani, ayagawe mbele ya watu kwa kadiri ya utabiri, kila mtu aone kwamba yapo mawe upande wa ukame. Daftari la kijiji lisomwe, pamoja na miaka ambayo dalili zilikosea na miaka ambayo Idara ilikosea. Atakayeshika daftari mwaka huo achaguliwe, ikiwezekana msichana wa shule anayeishi karibu na susu wake. Ofisi ya kaunti ipewe nakala. Daftari lenyewe libaki kijijini.